Rapoti iliandika sifuri: kwa nini kazi za afya ya mama na mtoto zinahitaji kusimamiwa



Katika ziara moja ya usimamizi tulikaa na muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha kanisa, tukafungua pamoja naye rejista ya materniti. Kazi yake ilikuwa safi. Mistari imejazwa, tarehe zinafuatana, uzito wa watoto umeandikwa. Kwenye rapoti za miezi sita, mahali pa kuandika vifo vya akina mama paliandikwa sifuri kila mwezi. Tukampongeza.

Kesho yake tuliongea na akina mama waliokuwa wakingojea CPN. Mmoja wao, mama mzee wa kanisa aliyemsindikiza binti yake, akatuuliza: "Na yule tuliyemzika wakati wa kuvuna maharagwe, ninyi mmemwandika wapi?"

Hakuwa ameandikwa popote. Uchungu ulimshika nyumbani. Akapelekwa kwanza kwenye chumba cha maombi, akakaa huko usiku mzima. Asubuhi vijana wakambeba kwa tipoyi kuja kituoni, akafia njiani, na mtoto tumboni. Kwa kuwa hakufika kwenye mlango wa materniti, kituo hakikumhesabu. Muuguzi hakudanganya. Rapoti yake ilisema tu mambo yaliyotokea ndani ya kuta za kituo.

Tangu siku ile swali la yule mama halijatutoka. Makanisa yetu ya mashariki yana vituo vya afya, materniti na hospitali nyingi, na kila mwaka tunawasimulia waaminifu na wafadhili kwamba kazi inaendelea vizuri. Tunajuaje? Katika makala hii tunaeleza jinsi kazi za afya ya mama na mtoto zinavyofuatiliwa, zinavyopimwa na kuchunguzwa, na ni nini kila parokia inaweza kuuliza.

Kazi tatu zisizofanana

Mara nyingi tunachanganya mambo matatu.

La kwanza ni ufuatiliaji. Huu ni wa kila mwezi: akina mama wangapi wamekuja CPN, wangapi wamezaa kituoni, watoto wangapi wamepata chanjo, dawa zipi zimekwisha. Muuguzi mkuu anaandika rapoti, inakwenda kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, na kutoka huko inaingizwa katika hesabu za nchi.

La pili ni tathmini. Hapa tunauliza kama mradi umeleta mabadiliko. Mradi unaweza kugawa vitanda, kufundisha wazalishaji na kununua pikipiki, na bado akina mama wakaendelea kufa kama zamani. Kuhesabu vitanda si tathmini. Tathmini inataka tujue hali ilivyokuwa kabla ya mradi kuanza, hali ilivyo sasa, na kama tofauti hiyo imetokana na mradi au na jambo jingine.

La tatu ni utafiti. Mtafiti anatafuta jibu ambalo bado halijulikani: dawa hii inasaidia? Njia hii ya kumtunza mtoto mchanga ni bora kuliko ile? Kwa kuwa jibu halijulikani, mtu anayeingia katika utafiti anachukua hatari fulani, hata kama ni ndogo. Ndiyo maana utafiti una sheria kali kuliko kazi mbili za kwanza.

Kanisa si mgeni katika mambo haya. Mwaka 1981, wakati nchi yetu iliitwa Zaire, Kanisa la Kristo lilianza pamoja na serikali, kwa msaada wa Marekani, mradi wa afya ya vijijini uitwao SANRU. Hospitali nyingi za misheni, zilizokuwa zikitibu wagonjwa waliofika mlangoni tu, zilipewa kazi ya kuangalia watu wote wa eneo lao, wagonjwa na wazima, kwa njia ya zoni za afya. Leo nchi ina zoni za afya 519, na nyingi zinasaidiwa au kuongozwa na hospitali za makanisa. Wazo la zoni ndilo lile la swali la mama mzee: hospitali inajibu kwa ajili ya watu wote wa eneo lake, hata yule aliyefia mlimani.

Namba inasomwaje

Kwa kawaida kifo cha uzazi ni kifo cha mwanamke akiwa na mimba, au akizaa, au ndani ya siku 42 baada ya mimba kwisha, kwa sababu inayohusu mimba hiyo. Siku 42 ni muhimu. Mama aliyezaa salama kituoni, akarudi nyumbani, akafa kwa homa baada ya wiki mbili, naye ni wa kuhesabiwa. Rejista ya materniti inamwonyesha kama mama aliyetoka mzima.

Kwa sababu vifo vingi havifiki kwenye rejista, nchi hufanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, uitwao EDS. Wachunguzi huwauliza wanawake habari za dada zao waliozaliwa tumbo moja: wangapi wako hai, wangapi wamekufa, na waliokufa, je, walikuwa na mimba, walikuwa wakizaa, au walikuwa wametoka kuzaa? Uchunguzi wa mwaka 2007 ulitoa makadirio ya vifo 549 vya akina mama kwa watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Ule wa 2013-2014 ulitoa 846.

Tumesikia watu wakisema kwamba kati ya miaka ile vifo vilipanda kwa zaidi ya nusu. Tuangalie vizuri. Kifo cha uzazi, hata kikiwa kingi kiasi cha kutuliza, katika hesabu ni jambo lisilotokea kila siku, na uchunguzi haumuulizi kila mwanamke wa nchi. Kwa hiyo namba 846 ina mipaka yake: ukweli ulikuwa mahali fulani kati ya karibu 700 na 1,000. Ile ya 2007 nayo ilikuwa na mipaka. Hatuwezi kusema kwa hakika vilipanda kiasi gani. Tunaloweza kusema ni kwamba vilikuwa vingi mno, na kwamba hakuna dalili ya kushuka. Kwa watoto, uchunguzi uleule ulionyesha jambo tofauti: vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 148 hadi 104 kwa kila watoto 1,000. Mradi unaosema "tunasaidia mama na mtoto" unaweza kufanikiwa kwa mtoto na kushindwa kwa mama. Tathmini isizichanganye hizo mbili.

Sasa tuje kijijini. Eneo la afya lenye watu 10,000 hutazamiwa kuwa na mimba karibu 400 kwa mwaka. Kwa kipimo cha 846, tungetazamia vifo vya akina mama kati ya 3 na 4. Mwaka mmoja vinaweza kuwa 1, mwaka mwingine 6, bila muuguzi kubadilisha lolote. Kwa hiyo msimamizi mwenye busara hamsifu wala hamlaumu mtu kwa namba ya mwaka mmoja ya kituo kimoja. Katika sehemu ndogo, njia iliyo bora ni kuchukua kila kifo kimoja kimoja na kuuliza kilitokeaje.

Kwetu Kivu na Ituri kuna shida nyingine: watu wanahama. Kijiji kinakimbia vita, eneo la jirani linajaa. Kituo kilichokuwa na mimba 30 kwa mwezi kinapata 70. Rapoti inaonyesha kwamba CPN imefikia zaidi ya watu wote wanaotazamiwa, na mradi unajisifu. Lakini idadi ya watu iliyotumiwa kugawanya ni ya zamani, kabla ya wakimbizi kufika. Na kule walikotoka, rapoti inaonyesha kwamba kazi imekufa, wakati watu wenyewe hawapo. Kabla ya kusoma matokeo yoyote ya tathmini ya mashariki, tuulize kwanza: mmegawanya kwa watu wangapi, na mliwahesabu lini?

Msimamizi anaangalia nini

Usimamizi mzuri hauanzi na kiti cha heshima na soda. Unaanza na rejista. Msimamizi anachagua mwezi mmoja, anahesabu yeye mwenyewe waliozaa katika rejista, kisha analinganisha na rapoti iliyopelekwa kwenye zoni. Namba zikitofautiana, anauliza kwa upole, maana mara nyingi sababu ni uchovu: muuguzi mmoja anazalisha, anachanja, anauza dawa na anaandika rapoti usiku kwa tochi. Mahali ambapo kituo kinalipwa kufuatana na kazi iliyofanywa, kuna hatari nyingine, yaani wagonjwa wasiokuwapo. Hapo anachagua majina machache na kuyatafuta vijijini, pamoja na wahudumu wa jamii tunaowaita reko.

Kisha anaangalia watoto waliozaliwa wafu. Hapa pana siri nyingi. Mtoto aliyepumua mara chache kisha akafa, mara nyingi anaandikwa "alizaliwa mfu", kwa sababu hiyo inaleta maswali machache. Lakini tofauti ni kubwa kwa kazi yetu. Mtoto aliyezaliwa mfu na ngozi yake bado nzima, kwa kawaida alikufa wakati wa uchungu, na pengine angeokolewa kama mapigo ya moyo wake yangesikilizwa na msaada ungekuja mapema. Yule ambaye ngozi imeanza kubanduka alikufa siku za nyuma, na sababu inatafutwa katika mimba: kaswende, malaria, shinikizo la damu. Na yule aliyepumua kisha akafa anatuuliza kama kulikuwa na mtu anayejua kumsaidia mtoto kupumua, na kama mfuko wa kumpulizia hewa ulikuwa mezani au umefungiwa kabatini.

Kupima vizuri kwenyewe kunaokoa. Kwa miaka mingi wazalishaji wamekisia kwa macho damu inayomtoka mama. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa akina mama zaidi ya 210,000. Mahali ambapo wazalishaji waliendelea kama kawaida, kutoka damu nyingi kuligunduliwa kwa karibu nusu tu ya akina mama waliokuwa nako. Mahali ambapo waliweka chini ya mama mfuko wenye alama za kupimia, na kutoa matibabu yote pamoja mara tu kipimo kilipofika, waligundua zaidi ya 9 kati ya 10, na hatari kubwa zilipungua kwa asilimia 60.

Kuna pia mambo ambayo hayana mstari katika rapoti. Mama aliyezuiliwa wodini wiki tatu kwa sababu mume hajapata pesa za kulipa anaonekana katika rejista kama mafanikio: amezaa kituoni, mtoto mzima. Lakini jirani zake wanamwona, na mimba ijayo wao watazaa nyumbani. Tunakiri kwamba jambo hili limetokea hata katika nyumba za kanisa. Msimamizi asiyepita wodini kuuliza "umekaa hapa siku ngapi, na kwa nini?" hataliona.

Kila kifo kinafuatiliwa nyuma

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza njia ambayo mpaka leo inatumika dunia nzima, ya kuangalia mahali ambapo mama alicheleweshwa. Kuchelewa kwa kwanza ni kuamua kutafuta msaada. Kwa pili ni kufika. Kwa tatu ni kupata matibabu baada ya kufika.

Mama wetu wa mlimani alicheleweshwa mara mbili. Usiku ule katika chumba cha maombi ulikuwa kuchelewa kwa kwanza, na tipoyi kwenye njia ya matope kulikuwa kwa pili. Kwa hiyo sehemu moja ya sababu ya kifo chake ilikuwa ndani ya kanisa. Hatulikatai ombi. Rahel alipokuwa akizaa njiani kuelekea Efrata, Biblia inatuambia kwamba mzalishaji alikuwa pamoja naye. Ombi na mzalishaji vinakwenda pamoja, na mwombaji anayemwambia mama mwenye uchungu angoje mpaka asubuhi amebeba mzigo mkubwa.

Mkutano wa kuchunguza kifo una sharti moja: hautafuti wa kufunga jela wala wa kufukuza kazi. Muuguzi akijua kwamba kusema kweli kutamponza, ataficha rejista, na kifo kijacho kitafanana na hiki. Jina la marehemu halitajwi nje. Familia inasikilizwa nyumbani kwake, baada ya siku za kilio, na mtu anayejua kukaa na wafiwa. Mwisho wa mkutano yanaandikwa mambo mawili au matatu ya kubadilisha, na mtu wa kuyafanya, na tarehe. Mkutano unaomalizika bila hayo ni kilio cha pili tu.

Utafiti unapofika kwetu

Utafiti mara nyingine huleta woga, na woga huo una sababu. Lakini akina mama wa Kongo wamekwisha kuisaidia dunia. Kati ya 2016 na 2018, wanawake wa nchi yetu walikuwa miongoni mwa karibu 12,000 wenye mimba ya kwanza, katika nchi sita, waliokubali kuingia katika utafiti wa aspirini ya kiasi kidogo. Nusu walipewa aspirini, nusu kidonge kisicho na dawa. Kati ya waliopewa aspirini, 11.6 kwa mia walizaa kabla ya wakati, na kati ya wengine 13.1 kwa mia. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa maelfu ya akina mama ni watoto wengi. Tunaonya: mama asijinunulie aspirini sokoni. Aulize kwanza kwenye CPN.

Nani anamlinda mtu aliye ndani ya utafiti? Kwanza kamati ya maadili, inayosoma mpango kabla ya kazi kuanza na inaweza kuukataa. Pili, kwa utafiti mkubwa, kikundi cha wataalamu wasio na sehemu katika kazi, wanaochungulia matokeo katikati ya njia. Shirika la Afya Duniani liliongoza utafiti huko Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wadogo sana waliozaliwa na uzito chini ya kilo 1.8. Wengine waliwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, tangu mara baada ya kuzaliwa. Wengine walingoja mpaka hali yao itulie, kama ilivyokuwa desturi. Wataalamu walipoona kwamba watoto wa kifuani wanakufa wachache zaidi, 12 kwa mia badala ya karibu 16, walishauri utafiti usimamishwe kabla ya mwisho. Haikuwa haki tena kuwanyima wengine kifua cha mama yao.

Sisi wa mashariki tumejua pia upande mwingine wa ulinzi. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini mnamo Agosti 2018, chanjo ilitolewa kwa masharti ya utafiti, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje. Sababu ilikuwa njema: chanjo ina kirusi kilicho hai, na haikujulikana kingemfanya nini mtoto tumboni. Lakini Ebola ilipoingia nyumbani, mama huyo alikuwa katika hatari kubwa kuliko wote, na karibu kila mtoto wa mama mjamzito mwenye Ebola hufa. Mwaka 2019, baada ya majadiliano marefu, wanaonyonyesha na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza wakaruhusiwa. Tulijifunza kwamba kumweka mama nje ya utafiti kunaweza kumlinda, na kunaweza pia kumwacha bila kinga. Uamuzi unahitaji watu wanaopima pande zote mbili, na akina mama wenyewe wasikilizwe.

Ridhaa ni neno la maana hapa. Mama aelezwe katika lugha anayoisikia, Kiswahili au Kinande au Mashi au nyingineyo. Ajue kwamba anaweza kukataa na bado atahudumiwa vilevile, na kwamba anaweza kutoka wakati wowote. Tunawaomba wachungaji jambo moja: msiwaamuru akina mama kutoka mimbarini waingie katika utafiti. Mnaweza kutangaza kwamba watafiti wapo na kuwaalika watu wasikilize. Lakini sauti ya mchungaji ina uzito, na mama anayeona haya kumkatalia mchungaji wake hajakubali kwa hiari.

Parokia ifanye nini

Tunapendekeza mambo manne, na hakuna linalohitaji mfadhili.

Kila parokia iwe na daftari moja ambamo mama mmoja mwaminifu na reko wa kijiji wanaandika kila mimba, kila kuzaliwa na kila kifo cha mama au mtoto mchanga, popote kilipotokea. Daftari lifungiwe, lisisomwe hadharani, na kila mwezi lilinganishwe na rejista ya kituo.

Kila chumba cha maombi kiwe na agizo: mwanamke mwenye uchungu, anayetoka damu, mwenye kifafa au anayeumwa kichwa sana hapokelewi kulala. Anaombewa akiwa njiani kwenda kituoni.

Kamati ya kanisa iulize kituo chake kila miezi mitatu: ni akina mama wangapi wamezuiliwa kwa deni, na kwa siku ngapi?

Mradi ukimalizika, au watafiti wakiondoka, wadaiwe kurudi kueleza walichokiona, hata kama ni aibu. Matokeo yaliyochukuliwa kwetu na kusomwa Ulaya tu hayajamaliza safari yake.

Katika kituo tulichoanza nacho, daftari lilifunguliwa. Miezi mitatu ya kwanza rapoti haikuandika tena sifuri. Iliandika kifo kimoja cha mama na vya watoto wachanga vinne. Mmoja wa wakubwa alituomba tuziondoe namba hizo kabla ya mfadhili kuziona. Tulikataa, na tunakiri kwamba hatukukataa bila woga, maana mishahara ya wauguzi ilikuwa katika bahasha hiyohiyo. Mfadhili aliuliza maswali magumu. Tulijibu kwamba vifo hivi vilikuwapo siku zote, na sasa tumeanza kuviona.

Yesu alisimulia habari za mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja aliyepotea. Mara nyingi tunahubiri upendo wake. Tukumbuke pia kwamba jioni ile alikuwa amehesabu, maana bila kuhesabu asingejua kwamba mmoja hayupo. Yule mama mzee wa CPN naye alikuwa amehesabu. Sasa jina la marehemu liko katika daftari, kwenye mstari wa kwanza, na vijana wa kijiji wanajua zamu zao za tipoyi.